Hii ni Mayo ama ni Uji?

Mzee aliyeniuliza swali hilo alikuwa mtunza stoo wa karakana moja huko Industrial Area, Nairobi. Ilikuwa Jumanne, saa saba mchana, nami nilikuwa nimebeba kikapu cha sandwichi 24. Alifungua karatasi, akatenganisha vipande viwili vya mkate, akachovya kidole kwenye ule upako mweupe, akalamba. Halafu akaniangalia.

"Kijana, hii ni mayo ama ni uji?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikacheka, maana muuzaji hucheka na wateja wake. Lakini masikio yalikuwa yamepata moto. Kwenye kadi niliyobandika kikapuni nilikuwa nimeandika kwa kalamu nyekundu: SANDWICHI YA KUKU NA MAYO, 100/-. Na mzee alikuwa amesema kweli. Ilikuwa uji. Si wote. Nusu.

Wacha nieleze. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, karo ilipokosekana na mfumo wa mtandaoni wa chuo ukagoma kunisajili. Mathe akawaambia majirani kwamba nimechukua likizo kidogo. Likizo hiyo sasa ina miaka minne. Ili kuishi naandika vitu vya watu wengine, vinatoka bila jina langu, na kwa miezi minane nilipika sandwichi. Mkate ulikuwa na bei yake, kuku ana bei yake, lakini chupa ya mayonesi ndiyo iliyokuwa ikila faida yote. Kwa hiyo nikaanza kuirefusha. Nilichukua wanga wa mahindi, ule mweupe wa pakiti ndogo, nikaukoroga na maji kwenye sufuria hadi ukawa mzito. Nikatia siki, chumvi, na kijiko cha sukari. Ulipopoa nikauchanganya na mayo, nusu kwa nusu. Rangi ileile. Ulaini karibu uleule. Faida ikarudi.

Usiku ule baada ya swali la mzee sikulala. Nilikaa na simu nikisoma, nikitaka kujua kama kuna mtu mwingine duniani aliyewahi kufanya ujanja kama wangu. Kumbe wako wengi, na baadhi yao wamejenga viwanda.

*

Tuanze na mayo yenyewe. Ni kiini cha yai, mafuta, na kitu kikali kama siki au ndimu. Mafuta na maji havipatani, hilo kila mtu aliyewahi kuosha sufuria ya mafuta kwa maji baridi analijua. Lakini kiini cha yai kina kitu kinachoitwa lesithini, ambacho upande mmoja hushika mafuta na upande mwingine hushika maji. Ukimwaga mafuta polepole huku ukipiga bila kuchoka, yanagawanyika kuwa matone madogo sana, na kiini kinayazuia yasirudi kuungana. Ukiharakisha, yote yanakatika na unabaki na supu ya mafuta.

Watu hupenda kusimulia kwamba mayonesi ilizaliwa mwaka 1756, jeshi la Ufaransa chini ya Duke wa Richelieu lilipoteka Mahón, kisiwani Minorca, kutoka kwa Waingereza. Ati mpishi wake alikosa malai, akatumia mafuta ya zeituni badala yake. Hadithi hiyo ina matoleo mengi, na wanahistoria wa mapishi hawakubaliani. Mimi naipenda kwa sababu moja tu: hata kwenye hadithi yake yenyewe, mayo inaingia duniani kama mbadala. Kulikosekana kitu, mtu akatumia alichokuwa nacho.

Kwa muda mrefu ilikuwa chakula cha wenye wapishi, kwa sababu inataka mkono na subira. Kilichoishusha hadi kwenye mkate wa mfanyakazi ni chupa. Mwaka 1905 Richard Hellmann, mhamiaji kutoka Ujerumani, alifungua duka la vyakula New York, na mayonesi iliyokuwa ikitumika kwenye saladi zake ikapendwa hadi watu wakataka kununua hiyo peke yake. Kufikia 1912 alikuwa akiiuza kwenye chupa. Huko South Carolina mwaka 1917, Eugenia Duke alianza kuwauzia sandwichi wanajeshi wa Camp Sevier, na watu wakarudi kuuliza ile mayo yake. Nilipomsoma Eugenia nilijiona kidogo. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa anatia mayo.

*

Halafu ukaja mdororo wa uchumi. Kuanzia 1929 Wamarekani walipoteza kazi kwa mamilioni, na chupa ya mayonesi ikawa kitu cha kuachwa kwenye rafu. Kampuni ya Kraft ikaliona pengo. Mwaka 1933, kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago yaliyoitwa Century of Progress, ilizindua Miracle Whip. Humo kulikuwa na mayonesi iliyochanganywa na nini? Uji. Wanga uliopikwa na siki na sukari, vikapigwa pamoja kwenye mashine maalumu hadi vikawa laini.

Nilikaa kitandani nikiitazama ile simu. Nilikuwa nimevumbua, kwenye jiko la gesi la kilo 6, kitu kilichovumbuliwa Chicago miaka mingi kabla mamangu hajazaliwa.

Kuna tofauti mbili, na zote zinauma. Ya kwanza ni ya kiufundi. Wanga uliopikwa ukikaa huanza kutoa maji. Mafuta hayana tabia hiyo. Ukipaka mkate kwa kitu chenye mafuta mengi, mafuta yanakuwa kama koti la mvua, nyanya haipenyezi maji yake ndani. Upako wangu ulikuwa ukikaa vizuri saa mbili asubuhi, na kufikia saa saba mkate umelowa. Ndiyo maana mzee alijua. Hakuhitaji maabara, kidole kilitosha. Mashine ya Kraft ilikuwa imetatua jambo ambalo mwiko wangu haukuweza.

Ya pili ni ya jina. Miracle Whip haikuandikwa mayonesi. Sheria ya Marekani inataka kitu kinachoitwa mayonesi kiwe na mafuta yasiyopungua asilimia 65 kwa uzito. Kile cha wanga kina kundi lake, na humo asilimia 30 inatosha. Waingereza nao walikuwa na chao, salad cream ya Heinz, iliyoanza kuuzwa 1914. Hiyo pia ni nyepesi na ina siki zaidi, na inaitwa kwa jina lake. Watu waliinunua wakijua wananunua nini, na wengi wakaipenda kuliko mayo. Mbadala wao ulikuwa na jina. Wangu ulikuwa umevaa jina la mwingine.

*

Nikasoma zaidi, nikafika kwenye ile mbadala kubwa kuliko zote. Wewe unaijua. Ulikua nayo.

Miaka ya 1860 Napoleon III wa Ufaransa alitangaza zawadi kwa atakayetengeneza kitu cha kuchukua nafasi ya siagi, cha bei nafuu, kisichooza haraka, cha kulisha jeshi na maskini. Ona vizuri ni nani anayeagiza na ni nani atakayekula. Mwaka 1869 mkemia Hippolyte Mège-Mouriès akapata hataza. Alikuwa amewaza kwamba ng'ombe aliyenyimwa chakula bado hutoa maziwa yenye mafuta, kwa hiyo mafuta hayo lazima yanatoka mwilini mwake. Akachukua mafuta ya ng'ombe wa kuchinjwa, akayayeyusha kwa moto mdogo, akakamua sehemu iliyo laini, akaikoroga na maziwa. Akaiita majarini, kutokana na neno la Kigiriki la lulu, kwa jinsi ilivyong'aa.

Utajiri haukumfikia yeye. Ulikwenda Uholanzi, mji mdogo wa Oss, kwa familia mbili za wafanyabiashara wa siagi, Jurgens na Van den Bergh. Walishindana kwa miaka mingi, mwisho wakaungana mwaka 1927. Miaka miwili baadaye wakakubaliana kuungana na kampuni ya sabuni ya Kiingereza, Lever Brothers, kwa sababu sabuni na majarini vyote viwili vinagombania mafuta yaleyale. Jina la ndoa hiyo ni Unilever.

Wakulima wa maziwa walipigana na majarini kana kwamba ni nzige. Marekani ilitunga sheria ya kodi dhidi yake mwaka 1886. Ugomvi mkubwa ukawa rangi. Majarini kwa asili ni nyeupe, siagi ni ya njano. Mwenye majarini akitia rangi ya njano, je, anapendezesha chakula ama anadanganya? Baadhi ya majimbo yalitaka majarini itiwe rangi ya waridi, ili mtu aone aibu kuiweka mezani. Mahakama Kuu ya Marekani ililitupa wazo hilo mwaka 1898. Ikabaki kodi: kuanzia 1902 majarini ya njano ilitozwa senti 10 kwa ratili, nyeupe karibu bure. Kwa hiyo kampuni zikauza majarini nyeupe pamoja na kipakiti cha rangi, na akina mama wakawa wanaikanda wenyewe jikoni, jioni, mikono imejaa njano. Wisconsin, jimbo la maziwa, haikuruhusu majarini ya njano hadi 1967. Quebec, Kanada, hadi 2008. Mwaka 2008! Nilikuwa tayari nimezaliwa, nakula mkate wa Blue Band kabla ya kwenda nasari.

Mwanzoni nilicheka na hao wakulima. Halafu nikakumbuka kadi yangu nyekundu. Hoja yao ya choyo ilikuwa na punje ya ukweli: mtu ana haki ya kujua anachokula. Lakini adhabu yao ilimwangukia aliyekuwa na pesa kidogo zaidi, yule mama wa kukanda rangi baada ya kazi.

*

Sasa fika huku kwetu, kwa sababu mkate wa maskini wa Uingereza ulikuja kutafuta mafuta yake kwenye ardhi ya watu wengine.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta. Mkate, ambao haukugawiwa kwa kadi hata siku moja wakati wa vita, uligawiwa kwa kadi kuanzia Julai 1946 hadi 1948. Siagi na majarini zilibaki kwenye kadi hadi 1954. Mwaka 1946, Frank Samuel wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa mali ya Unilever, akapeleka pendekezo kwa serikali yake: tulime karanga Tanganyika kwa mashine. Karanga zina mafuta, mafuta yanakuwa majarini. Ujumbe ukatumwa mwaka uleule, ukazunguka wiki kadhaa, ukarudi na mpango wa zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, nyingine Rhodesia ya Kaskazini na Kenya.

Walianzia Kongwa, nchi ya Wagogo. Mgogo yeyote angewaambia kwamba mvua ya pale haina ahadi. Matrekta yaliyonunuliwa kwenye mabaki ya vita yakaharibika. Wakageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta. Mibuyu ikakataa kung'oka, na mingine ilikuwa na mizinga ya nyuki. Udongo ukikauka uligeuka saruji, na karanga ni zao linalokaa chini: hata ikizaa, huwezi kuitoa. Reli na bandari ya Mtwara zikajengwa kusini kwa mizigo ya karanga ambazo hazikuja. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikafuta deni, zaidi ya pauni milioni 36. Ile reli ya kusini ilifungwa 1962 na kung'olewa.

Huwa tunafundishwa habari hii kama kichekesho cha wakoloni wasiojua kulima. Mimi sasa naisoma kama habari ya upako wa mkate. Mfanyakazi wa London hakuwa na siagi, akapewa majarini. Majarini haikuwa na mafuta, ikaenda kutafutwa Ugogo. Bei nafuu ya mtu mmoja ililipiwa na shamba la mwingine. Nani aliuliza Wagogo wao wanapaka nini?

*

Upande wetu wa mpaka, siagi ilikuwa ya masetla. Kenya Co-operative Creameries, hiyo KCC, ilianzishwa na masetla mwaka 1925. Mkulima Mwafrika hakufunguliwa mlango wa kufuga ng'ombe wa gredi kwa upana hadi mpango wa Swynnerton wa 1954. Na ni katika miaka hiyohiyo ya 1950 Unilever iliponunua hisa kwenye East Africa Industries, kiwanda cha Nairobi, kulekule Industrial Area nilikokuwa nikibeba kikapu changu. Kikatupa Kimbo ya kupikia na Blue Band ya kupaka.

Blue Band ikashinda kiasi kwamba neno majarini likafa mdomoni mwetu. Nenda dukani useme "naomba majarini", muuzaji atakuuliza "gani, Blue Band?" Wengine wetu tuliita siagi, na siagi yenyewe hatukuijua hadi tulipoalikwa kwa watu.

Mathe ana kibanda Kayole, na sehemu ya ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye ncha ya kisu chake. Blue Band ya kupima. Mtu hana pesa ya mkebe mzima, anakuja na vipande vyake vya mkate, ama anakuja na kakaratasi, anasema "ya kumi." Mathe anachota, anapangusa kisu ukingoni, anachota tena kidogo juu yake. Hicho kidogo cha juu ndicho kilichowafanya wamrudie. Nilipokuwa mdogo nilimwambia anapata hasara. Akaniambia, "Yule mtoto atakula mkate akifikiria hesabu. Heshima ni hiyo ya juu."

Sitaki kuimba sifa za majarini. Ufundi wa kugandisha mafuta ya mimea, uliopatikana mwanzoni mwa karne ya 20, ulileta pia yale mafuta geu yanayoumiza moyo, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likataka yaondolewe kwenye vyakula vya viwandani. Kampuni nyingi zimebadilisha mapishi. Soma mkebe wako. Ninachosema ni kwamba ile ya kumi ilikuwa biashara ya wazi: mkebe uko mezani, jina liko juu yake, kisu kiko mkononi, unaona unachopewa.

*

Kisa cha mwisho nilichosoma usiku ule kilinifanya nicheke peke yangu saa tisa. Mwaka 2000 Unilever ilinunua kampuni iliyokuwa ikimiliki Hellmann's. Kwa hiyo kwa miaka 18, hadi ilipouza biashara yake ya majarini mwaka 2018, mayo ya wenye nazo na Blue Band ya kupima zililala nyumba moja. Mwaka 2014 Unilever hiyohiyo ikaishtaki kampuni changa ya California iliyouza upako usio na yai kwa jina la Just Mayo. Hoja yao: hiyo si mayo, mnawadanganya wateja. Yaani watoto wa majarini, waliolaumiwa karne nzima kwa kujifanya siagi, sasa ndio walinzi wa majina. Watu wakawacheka mtandaoni, na Desemba mwaka uleule wakaiondoa kesi.

Nilicheka, halafu nikazima simu, nikabaki na yangu. Kwa sababu upande mmoja wa moyo ulikuwa ukinitetea: wewe ni maskini unayewalisha maskini, kila mtu kwenye historia hii amefanya hivyo. Lakini si kweli. Wengi wao, kwa kupenda au kwa kulazimishwa na sheria, waliandika jina. Mimi nilikuwa nikimtoza mtunza stoo shilingi 100 za mayo na kumpa wanga wa shilingi mbili.

Jumatano sikuenda. Alhamisi nilikwenda na kadi mpya: SANDWICHI YA KUKU NA UPAKO WA NYUMBANI, 80/-. Chini, kwa herufi ndogo: mayo nusu, wanga nusu. Na nilikuwa nimejifunza kitu kutoka kwa mafuta: nilipaka Blue Band nyembamba kwanza ili mkate usilowe. Mzee aliisoma kadi yote, polepole, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Akachukua mbili.

"Sasa hiyo ni lugha," akasema. "Uji nakunywa hata nyumbani. Lakini niambie ni uji."

Biashara haikudumu. Bei ya kuku ilipanda, nikaanza kuweka parachichi badala yake msimu ulipokuwa mzuri, halafu msimu ukaisha na kikapu kikaisha. Sina majuto nayo.

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa nyuma ya kibanda cha mathe nikiandika. Jirani mmoja akaja na mkate wake, akaomba ya kumi, kisha akauliza, kama wanavyouliza kila mwaka, kama nimerudi chuo. Nikaacha kuandika nisikie jibu. Kwa miaka minne nimelisikia jibu hilohilo.

Mathe alichota, akapangusa kisu ukingoni, akachota tena kidogo juu yake.

"Aliacha," akasema. "Siku hizi anaandika."